Kicheko cha Bwana Vumbi

Mlionifuata Jumamosi iliyopita mpaka makaburini, msivae kofia bado. Kasian Kalinga hajazikwa. Jeneza lake limelazwa juu ya magogo mawili kando ya shimo, mvua inanukia, na Isakwisa ameshika koleo. Tuliachana pale kengele ya baiskeli ilipolia nyuma ya waombolezaji.

Watu waligeuka. Isakwisa naye akageuka, na koleo likamponyoka.

Baiskeli ilikuwa ya kijani. Ilikuwa yake Isakwisa! Ilipotea asubuhi ile ya mwaka hamsini na tano alipoanguka nayo kwenye mteremko wa Inyala, huko Mbeya, akavunjika paja, akaaga mashindano. Miaka mitatu hakuna aliyeiona. Leo inakuja msibani, karibu na Tosamaganga, na inang'aa kama imetoka dukani jana.

Juu yake alikaa Philbert, Mngoni, mtani wa ukoo wa Kalinga. Alikuwa amevaa fulana ya mashindano ya marehemu, imembana hata kitovu kikabaki nje.

"Pisheni!" alipiga kelele. "Pisheni mshindi! Marehemu kanituma niwaonyeshe alivyoshinda!"

Watu waliokuwa wakilia wakaangua kicheko. Kama hujawahi kuzikia Uheheni utashangaa, basi acha kushangaa. Huku mtani ana ruhusa yake. Atamwiga maiti, atamtukana, atataja maovu yake mbele ya mjane, na hakuna wa kumgusa. Kilio kisicho na mtani ni kilio cha mtu asiye na watu.

Philbert akateremka, akaiegemeza baiskeli kwenye jeneza. Akachomoa tupa kiunoni, ile tupa ya kunolea majembe, yenye mpini wa mti. Akachuchumaa mbele ya gurudumu, akaanza kusugua hewani, kwaru, kwaru, kwaru.

"We Kasian, unafanya nini hapo gizani?" akajiuliza kwa sauti nyembamba.

"Nainyoa ndevu hii baiskeli," akajijibu kwa sauti nzito, sauti ya Kasian kabisa. "Kesho ina safari."

Vicheko! Bibi mmoja alishika mbavu.

Kisha Philbert akajifanya anaendesha, mgongo kaupinda, miguu inakwenda kasi, mara akatumbua macho. "Mama yangu! Breki!" Akajitupa matopeni kifudifudi. Akainuka uso wote udongo, akawageukia watu. "Bwana Vumbi leo kala vumbi!"

Mtu mmoja tu hakucheka.

Bwana Vumbi ni Isakwisa. Duka moja la baiskeli pale Mbeya lilikuwa limemwajiri aendeshe, hana kazi nyingine, akila kwa miguu yake. Mbeya hadi Iringa alishinda mara tatu. Tukuyu hadi Mbeya alipanda ile milima akiimba. Wenzake walimjua kwa mgongo na kwa vumbi aliloacha nyuma, ndipo jina likamkaa. Na nyuma ya vumbi lile, kila mara, wa pili alikuwa Kasian Kalinga, rafiki yake wa kulala chumba kimoja.

Asubuhi ile ya Inyala, akiwa amelala barabarani na mfupa umetoka nje, Isakwisa aliuona waya wa breki yake. Ncha yake nusu ilikuwa imekatika, nusu inameremeta, imepigwa tupa. Waya wenyewe ulikuwa mmoja tu. Waendeshaji wa siku zile walikuwa na ujinga wao mmoja: waliing'oa breki ya nyuma ili baiskeli iwe nyepesi. Ukimkatia mtu waya wa mbele, umemkatia roho.

Nani aliyeukata? Baiskeli ile haikuguswa na mtu isipokuwa Asukile, mdogo wake, fundi wake, aliyekuwa akilala nayo chumba kimoja kama ndama. Isakwisa alikuwa kitandani hospitali, homa kichwani, akatamka: "Ni Asukile." Kijana aliapa, akalia, hakuna aliyemsikia.

Baba yao, Mzee Yotamu wa Ilomba, mzee wa kanisa, akamfukuza nyumbani. Kanisa nalo likamtenga. Asukile akaenda kuchimba madini huko kusini. Amerudi mwaka huu na kifua kimeoza, anatapika damu katika chumba cha kupanga Mbalizi, na hana miezi mingi ya kuishi. Mtu aliyetengwa hapigiwi kengele, haimbiwi, hazikwi na wenzake. Asukile hana ombi lingine duniani, anataka alale kaburini kando ya mama yake.

Homa ilipomtoka, Isakwisa alianza kumshuku aliyekuwa wa pili; mwaka huu akaenda kumpigia baba magoti. Mzee akajibu: "Atarudi siku mtu wa upande wa Kalinga atakaposema kwa kinywa chake kwamba si yeye." Ndiyo maana Isakwisa alipanda lori mpaka huku. Akakuta wanachonga jeneza.

Sasa mnaelewa kwa nini hakucheka. Na mnaelewa kwa nini, kabla hajajua miguu yake inafanya nini, alikuwa amekwisha mrukia Philbert na kumkaba shingo.

"Umejuaje?" alifoka. "Sema! Nani alikwambia habari ya tupa?"

Vicheko vilikatika pale makaburini. Hata watoto mgongoni waliacha kulia.

"Amemkaba mtani," alisema mzee wa ukoo. "Mbele ya kaburi wazi! Mnyakyusa wewe, huko kwenu hamfundishwi?"

Wanaume wanne walimbandua. Philbert akajishika shingo, akakohoa, akamtazama Isakwisa kwa muda. Halafu akateremka ndani ya shimo. Akajilaza chali, akakunja mikono kifuani.

"Philbert, toka," mzee aliomba. "Tutakupa kuku."

"Sitaki kuku."

"Mbuzi, basi."

"Mbuzi mleni wenyewe. Sitoki." Sauti ilitoka chini, tulivu. "Sitoki mpaka huyo acheke."

Isakwisa aliuliza maana yake. Mzee wa ukoo akamvuta kando, akamweleza polepole kama anayemweleza mtoto. Kwa desturi yao, aliyecheka na mtani msibani amesamehe. Akishacheka, jambo limezikwa pamoja na maiti, na hatalipeleka tena barazani, wala kwa mzee yeyote, wala kwa padre. Asiyecheka ana neno na marehemu, na marehemu mwenye neno hashuki kaburini.

"Basi aseme kwanza!" Isakwisa alipayuka. "Aseme wazi kwamba Kasian ndiye aliyekata, twende naye Mbeya akaseme mbele ya baba yangu. Nitacheka mpaka meno yadondoke."

"Nimeshasema," Philbert alijibu toka shimoni. "Nimesema kama mtani. Mimi kama Philbert sijui kitu. Maneno ya mtani hayapandi lori kwenda Mbeya, ndugu yangu."

Loo! Mtu anaupata ukweli alioutafuta miaka mitatu, anaupata katika mdomo pekee ambao hauwezi kutoa ushahidi. Isakwisa alisimama pale mikono ikining'inia. Akicheka, Kasian atazikwa na jina la Asukile litazikwa naye. Asipocheka, maiti italala nje kwa mvua, na ukoo mzima utamtoa pale kwa marungu.

Tone la kwanza likaanguka juu ya jeneza. Katekista akafunga kitabu chake, akatazama juu.

Hapo ndipo Apolonia, mjane, aliposimama kutoka kwenye mkeka wa wanawake. Hakutakiwa kusimama, na shangazi mmoja akamvuta nguo, lakini alikuja mpaka mbele ya Isakwisa. Macho yake yalikuwa makavu.

"Kamwene, shemeji," alimsalimu Kihehe.

"Kamwene."

"Cheka."

"Shemeji, ndugu yangu anakufa."

"Na mume wangu amekwisha kufa, anaanza kunuka. Cheka, azikwe." Akashusha sauti. "Najua unachotafuta. Mimi ninacho. Lakini nitakupa akiwa chini ya udongo, si kabla. Nilimwapia."

Isakwisa alimtazama, akaona hasemi uongo. Basi akajaribu. Alifungua kinywa, ikatoka sauti kama ya mtu aliyekwamwa na mfupa. Watu wakatikisa vichwa. Akajaribu tena. Haikuwa kicheko, na kila mtu aliona si kicheko.

Mvua ikakolea. Maji yakaanza kutiririka shimoni, na Philbert amelala humo humo, udongo unamwingia masikioni. Ghafla akapaza sauti, ile sauti ya Kasian:

"Vumbi! Vumbi wee! Niachie na mimi hewa kidogo!"

Ah, msomaji! Ndivyo Kasian alivyokuwa akimpigia kelele kutoka nyuma, kwenye kila mlima, miaka yote minne, anahema, amekula vumbi la mwenzake mpaka kope zimekuwa nyekundu. Vumbi, niachie na mimi hewa kidogo. Na Isakwisa mbele alikuwa akicheka mpaka pumzi inampungua.

Kicheko kikamtoka. Kilimtoka tumboni bila ruhusa yake, akacheka akiwa amejishika mapaja, akacheka na machozi yakimtiririka pamoja na mvua, kwa sababu alimpenda yule mtu. Alimpenda na alimchukia, na vyote viwili vilikuwa kweli saa ile ile.

"Amecheka!" waliitikia watu. "Amecheka!"

Philbert alitolewa kwa kamba. Kasian akateremshwa. Isakwisa aliokota koleo, akatupa udongo mpaka viganja vikachubuka. Alipopiga bonge la mwisho, alijua amemuuza mdogo wake kwa mara ya pili.

Mvua ilipokatika, Apolonia alimwita uani, nyuma ya jiko. Shangazi wawili waliwatazama kwa mbali, maana mjane mbichi hazungumzi na mwanamume hivi hivi. Philbert alikuwepo pia, anajipangusa tope, na baiskeli imeegemea ukuta.

"Aliichukua siku ile ile," Apolonia alisema. "Watu wote walikuwa wamekuzunguka wewe. Akaipakia kwenye lori la mashindano, akasema yake imepata pacha. Tangu hapo kila Jumamosi aliifuta. Nikamwambia, mume wangu, itupe mtoni. Akasema, nitatupaje baiskeli ya Vumbi?"

"Lakini waya aliukata yeye."

"Aliukata yeye."

"Kwa sababu ya kuwa wa pili?"

Apolonia akamnyooshea Philbert kidole, na Philbert, safari hii bila mzaha wowote, akampa ile tupa. Apolonia akaiweka mkononi mwa Isakwisa.

"Itazame vizuri. Makaburini ulitazama baiskeli tu."

Isakwisa aliitazama. Mpini ulikuwa wa mti wa kahawa, umechongwa kwa kisu, na katikati una kibonyeo cha kidole gumba. Aliweka gumba lake pale. Alikuwa ameliweka pale mara ngapi, utotoni, akinolea jembe la baba yake huko Ilomba!

"Hapana," alisema.

"Alikula kwenu usiku ule, shemeji. Baba yako akamwita pembeni. Alikuwa amechoka na wewe kukimbia barabarani hata siku ya Bwana, shamba limeota magugu, wazee wenzake wanamcheka kanisani. Akamwambia Kasian, mwanangu aanguke kidogo tu. Achubuke, avunjike moyo, arudi kwenye jembe. Akampa hiyo, akamwambia, nami nitamtoa mdogo wake chumbani."

"Hapana!"

"Kasian alikubali. Alitaka awe wa kwanza mara moja tu. Walidhani utaanguka pale Uyole penye tambarare. Hawakujua waya utavumilia mpaka Inyala."

Isakwisa aliketi chini, kwenye tope. Alikuwa anaikumbuka jioni ile. Alikuwa ameoga, anajipaka mafuta miguuni, na sauti ya baba ilitoka sebuleni, laini, sauti ya kanisani: "Asukile, njoo tusali." Na Asukile aliyekuwa habanduki kwenye baiskeli hata kwa kula, akaenda, kwa sababu nani anakataa sala? Walisali muda mrefu. Isakwisa hata alifurahi kwamba baba anamwombea.

Mzee yule yule akamtenga kijana wake asiye na kosa, akasimama kanisani, akalia mbele ya watu. Na wote wakasema, tazameni mzee anavyoteseka na watoto wake.

"Njoo Mbeya, shemeji," Isakwisa alisema. "Nakuomba. Njoo useme."

"Nitakuja matanga yakiisha. Sasa hivi nikitoka kwenye mkeka huu, ukoo utaninyang'anya watoto. Na nikija, nitasema yote, la baba yako pia." Akamtazama. "Lakini ujue jambo moja. Kasian alipozidiwa, alimtumia mzee salamu. Alimwambia, Mzee Yotamu, mimi naondoka, na hili sitaondoka nalo. Kwa hiyo baba yako anajua."

"Anajua nini?"

"Anajua kwamba litatoka."

Wakati huo huo honi ililia njiani. Lori lilikuwa limesimama kule chini, na Fanueli, dereva, jirani yao wa Ilomba, alikuwa anapanda mbio, kofia mkononi. Ndiye aliyemleta Isakwisa huku juzi.

"Kaka Isakwisa! Pole na msiba." Alihema. "Nilisema nikipita lazima nikupe habari njema. Asukile amerudi nyumbani!"

Isakwisa aliinuka. "Amerudi nani?"

"Asukile! Mzee mwenyewe kaenda Mbalizi kumchukua, na ule ugonjwa wake wa miguu, kaenda na fimbo. Kamlaza kitanda cha mbele. Mtaa mzima unamsifu mzee. Jana nilipopita kuaga, hata hawakunifungulia. Walikuwa ndani wawili tu. Mzee alikuwa amemwita wasali."

Apolonia alijishika mdomo.

"Wasali nini, Fanueli?" Isakwisa aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekufa.

"Toba, kaka. Jumapili hii Asukile anaungama mbele ya kanisa. Atasema ni yeye aliyekata ule waya, aombe radhi, arudishwe kundini. Mzee kamwahidi, akishaungama, siku yake ikifika atazikwa kando ya mama yenu." Fanueli aliwatazama, akaona nyuso zao. "Kwani vipi? Si ndicho mlichotaka?"



Mnaliona shimo lilivyochimbwa? Asukile hana nguvu za kubishana tena, atakubali kosa lolote mradi alale kwa mama. Akishatamka madhabahuni kwa kinywa chake, nani atamsikiliza mjane wa Kalinga mwezi ujao? Nani atamsikiliza Isakwisa, ambaye ukoo mzima umemsikia akicheka?

"Nirudishe, Fanueli. Sasa hivi."

"Kaka, nina mzigo wa Dodoma. Nikigeuza, tajiri ananifukuza leo leo."

"Na basi la abiria?"

"Limepita asubuhi. Jingine ni Jumatatu."

Leo ilikuwa Ijumaa, na jua lilikuwa limeanza kuinama. Isakwisa aligeuka akautazama ukuta wa jiko. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Tangu Inyala hajakalia tandiko, na alikuwa ameapa hatalikalia.

Akaichukua. Akabonyeza matairi kwa gumba, moja, la pili. Kasian alikuwa ameyajaza.

"Wewe!" Philbert akaushika usukani. Ule uso wa kuchekesha watu ulikuwa umekwisha kabisa. "Hii haina breki. Waya uko vile vile ulivyokatika. Nilimwambia aunge, akasema hana haki ya kuuunga. Utajiua."

"Inyala ni mteremko ukitoka Mbeya," Isakwisa alisema. "Ukitoka huku ni kupanda."

"Na kabla ya Inyala? Milima yote ile?"

Isakwisa aliisokomeza tupa ya baba yake ndani ya koti, upande wa moyo. Apolonia akamfungia viazi vitatu kwenye kitambaa. Akaupitisha mguu mbovu juu ya tandiko, akauma meno, na maumivu yakampanda mpaka kwenye jicho.

"Ukifika," Apolonia aliuliza, "utamsemea ndugu yako, au utamwaibisha baba yako?"

Alikuwa amekwisha sukuma. Waombolezaji wa barabarani walimpisha, wengine wakavua kofia, maana hawakujua kama huu nao ni utani. Njia ilikuwa mbichi kwa mvua, kwa hiyo Bwana Vumbi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuacha vumbi lolote.

Jumapili kengele ya kanisa Ilomba hupigwa saa tatu asubuhi. Na kwenye bonde la kwanza tu, chini kabisa ya mteremko, palikuwa na kundi la ng'ombe likivuka daraja.